Rangi ya Irja

Moshi wa sauna ya kina Hautamäki, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke, ulikuwa umeshapanda wima juu ya misonobari Tauno Kivelä alipozima pikapu yake uani. Alijua ni siku gani. Ilikuwa Jumamosi ya watakatifu, mwanzoni mwa Novemba, siku ambayo mama wa nyumba hii huwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo amelala kwenye makaburi ya kijiji cha Lappe mwaka wa tatu sasa. Raili alikuwa amemwonya kwenye simu: "Njoo siku yoyote, ila Jumamosi hiyo usije." Ndiyo maana akaja. Mwanaume aliyekaa wiki nzima akisubiri jibu la ndiyo au hapana hapangiwi siku na marehemu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Msichana akatoka na sweta kubwa la baba yake, kichwa wazi, theluji ikimwangukia nywele, na moyo wa Tauno ukasimama.

Irja.

Kisha msichana akageuza uso kwenye mwanga, akawa Raili, mwenye pua nyembamba na macho yasiyojua kubembeleza. Ilikuwa hivyo kila mara. Kufumba na kufumbua tu, ila kila mara. Tauno hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilikuambia nini?" Raili aliuliza.

"Uliniambia nisije."

"Na hapa ni wapi?"

"Kwenu."

"Una kichwa kigumu kama jiwe, Tauno."

"Nashinda na mawe kutwa. Ulitaka niwe na kichwa cha mkate?"

Raili aliuma mdomo asicheke. Wiki nzima Tauno alikuwa ameukosa mdomo ule. Alimsogelea mpaka akasikia harufu ya kahawa na iliki kwenye sweta lake. Raili hakurudi nyuma, ila alitazama dirisha la jikoni kwanza, kama mwizi.

"Nipe jibu langu niondoke," Tauno alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza kitu kimoja. Utaolewa na mimi, au hutaki?"

"Siyo leo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu leo yupo," Raili alisema, akageuza macho kwenye moshi. "Ingia basi, umeshaonekana. Na uwe na adabu."

Jikoni kulikuwa na joto. Mzee Eero, baba yake Raili, alikuwa amekaa pembeni ya dirisha akishona glovu kwa sindano nene. Mama Tyyne alikuwa anakata mkate wa iliki, na mezani kulikuwa na sahani moja ambayo hakuna mtu aliyekaa mbele yake, imewekewa kitambaa cheupe na kijiko.

"Karibu, kijana," Eero alisema. "Umekuja na habari au na njaa?"

"Vyote, Mzee."

"Mchumba wa Irja amekuja kumsalimu," Mama Tyyne alisema bila kuinua macho. "Vizuri. Amekumbuka siku."

Tauno alivua kofia. Adabu aliyokuwa ameagizwa ilimtoka palepale.

"Mama Tyyne, nimekuja kwa Raili. Unajua."

Kisu kikasimama katikati ya mkate. Tauno akatia mkono mfukoni, akatoa kitu alichokifunga kwenye leso, akakifungua mezani kabla Raili hajamzuia. Lilikuwa jiwe, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Alilitoa Septemba, amelala kifudifudi kwenye tope la shimo, mkono umezama mpaka bega, akipapasa ncha kali gizani mpaka vidole vikachanika. Alilisugua siku tatu kwa brashi kutoa udongo mwekundu. Sasa lilikaa chini ya taa likajiwakia lenyewe: kwenye mzizi jeupe kama maziwa, juu kidogo urujuani wa mbali kama mlima wakati wa alfajiri, kisha zambarau nzito, nzito mpaka ukitazama ndani unahisi kuna mtu anakutazama. Na kwenye ncha, wekundu. Mawe ya nchi hii yana wekundu huo, ambao wageni hudhani ni rangi ya kupaka.

"Nitalikata pete," Tauno alisema. "Ya Raili."

"Tauno," Raili alinong'ona, "umelitoa shimo gani?"

Tauno alisogeza jiwe upande wake.

"Nimekuuliza. Shimo gani?"

"La mashariki."

"Lile lile ulikotoa jiwe la Irja."

"Amethisto nzuri zinatoka pale, Raili! Ulitaka nikuletee kokoto la barabarani kwa sababu dada yako alipewa zuri?"

Eero aliweka glovu chini, akalichukua jiwe, akaliinua kwenye taa. Mwanga wa zambarau ukamwangukia shavuni. "Lina moto," alisema. "Wazee wa machimboni walisema ukitia kipande cha hili kwenye glasi, hulewi hata unywe mpaka asubuhi."

"Ni kweli?" Tauno aliuliza, akishukuru kwamba kuna mtu anaongea.

"Uongo mtupu. Nilijaribu siku ya harusi yangu. Muulize huyu mama alisaidiana na nani kunivua viatu."

Hakuna aliyecheka. Mama Tyyne alimnyang'anya mumewe jiwe, akaliweka mezani, akalifunika kwa ile leso, akikunja pembe taratibu kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Wazee hao hao walisema jingine," alisema. "Lenye ncha nyekundu humpi mtu ila yule utakayezikwa naye. Binti yangu alilala nalo mkononi tangu siku uliyompa. Alisema linamtulizia ndoto. Aliondoka hapa mwezi wa nne akiwa kwenye pikipiki yake ya theluji, akakatiza ziwani kwa kuwa barafu ilikuwa bado nyeupe, ikavunjika akazama, na jiwe lilikuwa chini ya mto wake, kitandani, limepoa. Sasa unaniletea la pili? Hii nyumba siyo duka la viatu, kijana, kwamba cha kushoto kimepotea, basi nipeni cha kulia!"

"Na mimi siyo msumari wa kutundikia koti la marehemu!" Tauno aliwaka. "Miaka miwili nilikuja hapa kila Jumapili. Nililia kwenye meza hii. Hukuniuliza ninalala vipi, ninakula nini. Raili aliuliza. Huyu peke yake!"

"Tauno, basi," Raili alisema.

"Acha aseme," Mama Tyyne alisema. "Anasema kama mtu aliyefiwa peke yake."

Eero alisimama. Hakupenda kelele, tangu zamani kelele zikianza yeye hutoka. "Naenda kutazama kuni," alisema, akachukua koti, mlango ukafungwa nyuma yake.

Mama Tyyne alingoja nyayo zipotee. Kisha akakaa, kwa mara ya kwanza, na sauti yake ikawa laini, ikatisha zaidi kuliko ilipokuwa kali.

"Hatuna haja ya kugombana. Nimeshamuuliza."

"Umemuuliza nani?"

"Mwenyewe. Kila mwaka namwashia sauna, kama mama yangu alivyowawashia jamaa zake waliotangulia. Namwekea taulo, chanuo, na jiwe lake kwenye benchi la juu. Hatuingii mpaka moto ufe. Lakini mwaka huu nilipoliweka nilisema naye. Nikasema, mwanangu, kama una kinyongo na dada yako na mwanaume huyu, nionyeshe. Kama huna, liache jiwe lako kama nilivyoliweka."

Tauno aligeuka polepole kumtazama Raili. Raili alikuwa amepauka kama sahani.

"Ulijua?"

"Nilikubali."

"Wiki nzima sipati usingizi, kumbe jibu langu liko kwenye benchi la sauna!"

"Nilichoka, Tauno!" Macho yake yalijaa ghafla. "Wewe unakuja, unaongea, unaondoka. Mimi ninabaki. Usiku namsikia Mama akiongea na kitanda cha Irja, kilichotenganishwa na changu kwa ukuta mmoja. Nikasema haya, aamue yeye. Na jiwe halisogei, huelewi? Jiwe halisogei lenyewe. Nilijua litakaa pale pale, Mama atanyamaza, na nitakuja kwako bila laana ya mtu."

Kwa hiyo ilikuwa ndiyo. Ilikuwa ndiyo tangu mwanzo, imefichwa ndani ya mtego ambao Raili alimtegea mama yake kwa upole. Alitaka kumkumbatia mbele ya sahani tupu na kitambaa chake cheupe.

"Msifurahi mapema," Mama Tyyne alisema. "Mimi huenda kusimama nje ya kibanda kile, mlangoni, kila mwaka. Namsikia akimwaga maji juu ya mawe ya moto yanayotoa mvuke. Namsikia kama ninavyowasikia ninyi. Nimemsikia hata leo, kabla gari lako halijaingia."

Wakakaa wakingoja, watu watatu na kahawa isiyonywewa, mpaka dirishani theluji ikawa ya bluu na moshi ukakonda ukaisha. Mama Tyyne akawasha taa ya mkono.

Njia ya kwenda saunani ilikuwa fupi. Mama Tyyne aligonga mlango mara moja, kama unavyogonga kwa mtu anayeoga, akaufungua. Joto likawapiga usoni, zito, lenye harufu ya majani makavu. Taulo lilikuwa limekunjwa juu ya benchi. Chanuo lilikuwa juu ya taulo.

Jiwe halikuwepo.

"Mama," Raili alisema, "labda limeanguka."

Lakini Tauno alikuwa ametazama benchi. Mbao zote zilikuwa zimekauka, nyeupe kwa joto, isipokuwa mahali pamoja, pembeni mwa taulo, palipokuwa na alama nyeusi ya maji. Upana wa alama ile ulikuwa upana wa mtu aliyeketi. Ndoo ilikuwa nusu. Kata ilikuwa inadondosha tone, na tone jingine.

Raili ndiye aliyeliona. Aliinua mkono kuelekea jiko la sauna, pale mawe meusi yaliporundikwa juu ya kasha la moto, na katikati yao, limezama kama yai kiotani, kulikuwa na kitu cha rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Kilikuwa kimepasuka katikati. Zambarau yote ilikuwa imetoka, mpaka chembe ya mwisho. Ila ncha, ncha ilibaki nyekundu.

Mama Tyyne alitoa sauti ambayo Tauno alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, siku ile ziwani.

"Amekataa. Amelitoa benchini kwa mkono wake mwenyewe! Ameondoka na rangi yake!"

"Ni moto!" Tauno alipiga kelele. "Moto unafuta zambarau, mama! Kila mtoto wa huku anajua. Raili, unajua hilo!"

"Najua moto unafuta rangi." Raili alikuwa ameegemea ukuta, mbali naye. "Basi niambie lilitembeaje."

"Sijui."

"Mlango ulikuwa umefungwa. Sisi watatu tulikuwa jikoni. Niambie, Tauno."

Yeye mwenyewe, mtu aliyejisifu kwamba haogopi shimo wala giza, alihisi shingoni pumzi yenye unyevu, na hakuthubutu kugeuka kuitazama ile alama ya maji.

"Nenda nyumbani," Raili alisema.

"Raili..."

"Nenda, nakuomba. Siwezi kulala na wewe kitanda kimoja huku nikijua amesema hapana. Nilimwahidi. Nilisema aamue yeye."

Tauno alitoka. Alipita kando ya rundo la kuni bila kuona, na angeendelea mpaka kwenye gari kama asingejigonga kwa Mzee Eero, aliyekuwa amesimama pale gizani na koti lisilofungwa, bila kofia.

"Tyyne anapiga kelele gani?" Eero aliuliza.

Tauno alimtazama. Baridi ilikuwa ya kugandisha mate, na nywele za mzee zilikuwa zimeganda vijinyuzi vya barafu kuzunguka masikio.

"Mzee, nywele zako zimelowa."

"Mm."

"Ulikuwa humo ndani."

Eero alitazama chini. Alikuwa mtu mkubwa, lakini wakati ule alionekana kama mtoto aliyekamatwa kabatini. "Kila mwaka naingia," alisema. "Mara mbili, mara tatu kwa siku, mama yake asipoona. Yeye anawasha moto, mimi nakaa naye. Tangu mdogo Irja alikuwa haingii saunani peke yake. Alikuwa anaogopa."

"Na jiwe?"

"Lilikuwa baridi." Mzee alikunja vidole kama bado analishika. "Benchi lote moto, na lenyewe nililishika likaniumiza kwa baridi, au mimi ndiye niliyesikia hivyo. Wewe ulikuwa ng'ambo ya pili ya ziwa, Tauno, siku tuliyomtoa majini. Mimi ndiye niliyemshika mikono, baridi vile vile. Nikasema nilipashe moto kidogo, katikati ya mawe. Kidogo tu, halafu nilirudishe. Nikaanza kulia, nikasahau. Nilipotoka nikakumbuka, nikaona haya kurudi."

Tauno alimshika mkono. "Njoo uyaseme hayo ndani."

"Tyyne ataniua."

"Leo asife mtu mwingine. Twende."

Eero aliyasema mlangoni, bila kofia, mikono imening'inia, kwa maneno machache kuliko aliyompa Tauno. Raili aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mama Tyyne hakusogea. Alikaa kwenye benchi la chini na taa miguuni, akamsikiliza mumewe mpaka mwisho.

"Ulikaa naye?" aliuliza hatimaye.

"Nilikaa naye."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Tyyne. Kulikuwa na joto tu."

"Na maji? Ni wewe uliyekuwa unamwaga maji?"

"Ni mimi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Mama Tyyne alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. "Na mimi nilikuwa nasimama hapo nje kwenye theluji," alisema, "nimeweka sikio mlangoni, nikisema, asante Mungu, mwanangu amefika."

Hapo ndipo Tauno, aliyekuja na kiburi cha kushinda, alipoona aibu ya ushindi. Mama yule alikuwa amezika mtoto mara ya pili, mbele yao, amekaa. Eero aliinama kuingia, akaketi kando yake, pale pale palipolowa. Hawakushikana. Bega liligusa bega.

"Raili," Mama Tyyne alisema bila kugeuka, "huyo mwanaume wako, fanya unavyotaka. Mimi sina tena wa kumuuliza."

Raili alifunga mlango nyuma yake taratibu. Wakasimama uani wawili tu, theluji ikianguka kati yao.

"Kwa hiyo hakuna jibu," alisema.

"Lipo. Ulinipa jikoni."

"Lile nililitoa nikiwa na mtu wa kumsukumia lawama. Sasa sina." Alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nikuulize kitu. Nikitokea mlangoni, kama leo nilivyotokea, unamwona nani?"

Uongo ulikuwa karibu, mtamu, tayari ulimini: nakuona wewe, mpenzi, wewe tu. Alikuwa anajua maneno. Angeweza kuyapanga yakaimba. Ila macho yale yasiyojua kubembeleza yalikuwa yanamngoja, akaona kwamba akidanganya sasa, atadanganya miaka arobaini.

"Kwanza namwona yeye," alisema. "Nusu ya pumzi. Halafu unageuka, nakuona wewe, na moyo unashtuka mara ya pili. Ule mshtuko wa kwanza unaniuma. Wa pili ndio unaonirudisha hapa, hata nikikatazwa."

Tauno alijiandaa kwa mlango, kwa gari, kwa barabara tupu ya kwenda mjini.

"Ungesema humwoni," Raili alisema, "ningekufukuza hivi hivi, na theluji yako mabegani. Mimi namwona kila asubuhi nikichana nywele. Ningeishije na mtu anayesema hayupo?"

"Raili."

"Subiri, sijamaliza. Nitaolewa na wewe. Lakini tutakuwa watatu, Tauno, maisha yetu yote. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na wewe ndiye utakayekuwa mgeni," alisema, na safari hii kicheko kilimponyoka katikati ya machozi. "Sisi wawili tulizaliwa nyumba moja."

Akamshika mkono, vidole vyenye makovu ya lile jiwe, akamvuta kuelekea jikoni, bila kutazama dirisha.